Kidole cha Kwanza

Tangu alale bila kinga na mwanamke waliyekutana harusini, Shomari alikuwa akikesha. Kila akikohoa, aliuona UKIMWI. Asubuhi moja alimweleza dada yake, Sikudhani, huku akitazama chini. Dada hakumgombeza. Alijitanda kanga, wakaenda pamoja zahanati.

Nesi aliposhika sindano, Shomari alificha mkono mgongoni.

"Nianze mimi," Sikudhani alisema, akanyoosha kidole.

"Dada, wewe unapima nini?"

"Nakusindikiza."

Shomari akautoa mkono. Nesi aliwatoboa wote wawili, akavilaza vipimo mezani, kimoja kando ya kingine. Shomari akafumba macho. Sikudhani hakuvitazama vipimo. Alikuwa akimpulizia mdogo wake kidole, taratibu, kama alivyokuwa akimpoozea uji utotoni.