Mheshimiwa Bado Hajazikwa

Kwa mujibu wa sheria, mwakilishi wa jimbo hakuhesabiwa kuwa amefariki mpaka wapiga kura wamwondoe kwenye kiti. Kwa hiyo Mheshimiwa Shekue, ambaye moyo wake ulisimama katikati ya kikao cha bajeti, alikuwa bado hajazikwa. Mwili wake ulihifadhiwa kwenye jokofu la maiti mjini. Sauti yake, sasa ikitoka kwenye mashine iliyofunzwa kufikiri na kusema kama yeye, iliendelea kuchangia hoja barazani, na nyumbani ilizungumza kutoka kwenye spika iliyowekwa juu ya kabati la vyombo.

Mkewe, Mwanahawa, hakuruhusiwa kukaa eda. Kila alipoandaa chakula, sauti ilimtania: “Mama Rukia, mimi usinipakulie, nimeshiba.”

Wapiga kura walimpenda Mheshimiwa kuliko zamani. Hakulala, hakuugua, na kila aliyempigia simu alijibiwa.

Asubuhi ya uchaguzi, Mwanahawa alizitoa nguo za eda sandukuni, akazipiga pasi, akazificha chini ya mto. Kisha akaenda kumpigia kura mpinzani wa mumewe.

Jioni matokeo yalitangazwa.

“Tumeshinda tena, Mama Rukia!”

“Hongera, mume wangu.”

“Kituo chetu wamenichagua wote, isipokuwa mtu mmoja. Unadhani ni nani?”

“Nitajuaje mimi, Mheshimiwa?”

Sauti ilikuwa na upole uleule wa siku zote.

“Asubuhi nilikusikia ukipiga pasi. Ulikuwa unajiandalia nini, mke wangu?”