Maharusi wa Kisahani

Bi Hadubini alidondosha tone la mwisho kwenye kisahani, akainamia lenzi kuwafumania maharusi.

Maharusi wenyewe walikuwa minyoo ya kichocho. Kwa desturi yao tukufu, dume hujikunja tumbo likawa mfereji, jike akalala humo, na hayo ndiyo maskani yao hadi kifo. Hakuna mahari, hakuna mawifi.

Tone lile lilikuwa dawa ya sonona. Daktari kijana wa maabara alitaka kujua kama inawalegeza minyoo pia, waachane na wasizae tena. Bi Hadubini aliijua vizuri, maana aliimeza kila asubuhi tangu mumewe azikwe. Ilimrudishia usingizi. Ila siku hizi ilimbidi atulie kwanza ndipo aikumbuke sauti ya marehemu.

Dume alitetemeka. Mfereji ukafunguka taratibu, kama kiganja cha mtu aliyepitiwa na usingizi. Jike, mwembamba kama uzi, akateleza nje, akajikunja peke yake majini.

"Shangazi, vipi ndoa huko?" daktari aliita kutoka mlangoni. "Wameachana? Niambie ndiyo, nicheze hapa hapa!"

Bi Hadubini alichukua sindano, akamsogeza jike polepole hadi ubavuni mwa dume. Jike akateleza tena. Akamsogeza tena.

"Shangazi?"

"Bado, mwanangu," alisema, jicho likiwa limeng'ang'ania lenzi. "Bado wameshikana."