Mlango wa Kulia

Mlango wa kulia wa gari la Delfino Arballo ulibaki umekumbatia shina la dungusi. Gari lenyewe liliendelea mita thelathini bila mlango huo, kisha likasimama.

Kosa lilikuwa lake, na alilijua. Kwenye kona aliyotoka kuipita, mwanyumba wake Eleuterio, mume wa dada wa mkewe, alikuwa amesimama juu ya boneti ya vocho yake iliyokufa, Volkswagen ya mgongo wa kobe, akipunga fulana. Mbio hizi za jangwani hazina sheria nyingi, lakini moja haivunjwi: aliyekwama hapitwi. Delfino alipita. Aliinamia dashibodi akajifanya anasoma kipimo cha petroli, ambacho hakijafanya kazi tangu mwaka juzi, na alipoinua macho dungusi lilikuwa limeshafika.

Sheria ya pili ndiyo iliyomtoa jasho sasa. Gari lazima livuke mstari wa mwisho likiwa na milango yote miwili. Iliwekwa baada ya Crisóforo, mchomeleaji wa mageti, kudondoka kupitia upande usio na mlango kwenye kona ya mwisho, kubingirika hadi ng'ambo ya mstari kabla ya gari lake, na kudai ameshinda.

Magari tisa yaliondoka alfajiri na saba yalikuwa yamelala njiani hata kabla ya la Eleuterio. Doña Obdulia, mama mkwe wao, mjane mwenye karakana, alikuwa ametamka mbele ya binti zake wote wawili: mkwe atakayefika wa kwanza, kabla ya saa kumi na moja jioni, anakabidhiwa funguo za karakana. Mwingine ataendelea kulala chali chini ya magari, akiagizwa na mwenzake. Namba za milangoni alizipaka mwenyewe kwa brashi, 27 kwa Delfino na 14 kwa Eleuterio, na ni yeye anayeketi mstarini na daftari kila mwaka.

"Mimi naandika ninachokiona," husema. "Hadithi wapelekeeni wake zenu."

Delfino alitazama saa. Saa kumi kasoro dakika tano. Mlango wake ulikuwa umekunjika kama chapati ya tortila. Akarudi kinyumenyume hadi kwenye kona.

"Karibu, mwanyumba," alisema Eleuterio kutoka juu ya boneti. "Nilidhani hukuniona."

"Jua lilinipiga machoni."

"Jua liko nyuma yako."

Delfino alikuwa anautazama mlango wa kulia wa vocho ya Eleuterio. Ulikuwa mzima, ila vumbi lilikuwa limegandia kwenye oili hata rangi yake haikujulikana.

"Gari lina nini?"

"Injini imetoboka. Ingiza mkono ukitaka."

"Basi huo mlango hauna kazi tena."

"Una kazi ya kunipa kivuli."

"Eleuterio, niazime. Nimekosa."

"Hilo la mwisho sikulisikia vizuri."

"Nimekosa, we mwanaharamu!"

"Hapo sawa." Eleuterio alishuka. Aliutazama mlango wake, akatazama nafasi tupu kwenye gari la Delfino. Kisha akatoa spana mfukoni. "Chukua. Lakini nami napanda. Sibaki hapa na tai."

"Panda. Unadhani mimi mnyama?"

"Dakika kumi zilizopita nilidhani hivyo."

Mlango wa vocho ya mwaka wowote huingia kwenye vocho yoyote. Ndiyo maana huku hakuna mtu mwenye gari jingine. Waliufunga kwa dakika kumi na mbili. Delfino alihesabu bolti, akazikaza upya mwenyewe, akajaribu kitasa mara tatu. Alikuwa mtu wa kuhakikisha.

Waliondoka. Eleuterio alimwongoza kwa uaminifu ambao Delfino hakuutegemea.

"Shika kushoto. Hapo mbele watazamaji wamechimba mtaro, wanataka kutuona tukiruka."

Delfino alishika kushoto. Upande wa kulia watu waliokuwa na bia mkononi walizomea kwa masikitiko.

"Nikipewa funguo," alisema Delfino, aibu ikiwa imemlainisha, "sitakulaza chini ya magari. Wewe utapokea simu."

"Una moyo mzuri. Nikipewa mimi, wewe utalala chini."

Walicheka wote wawili, Delfino kwa sauti kubwa zaidi.

Kilomita tatu kabla ya mstari, Eleuterio alivua fulana, akailowesha kwa maji yake ya mwisho ya kunywa, akatoa mkono dirishani na kuanza kusugua nje.

"Unafanya nini wewe?"

"Nausafisha mlango wangu. Nikiurudisha nyumbani hivi, shemeji yako atanisema."

"Kichaa," alisema Delfino, akakanyaga mafuta.

Walivuka saa kumi na dakika hamsini na saba. Hakuna gari lililokuwa limefika kabla yao. Doña Obdulia alikuwa ameketi upande wa kulia wa mstari, kama kila mwaka, kwa kuwa turubai lenye kivuli liko upande huo. Sahani ya chaza ilikuwa mapajani mwake. Aliinua macho gari lilipokuwa ubavuni mwake, akajifuta ndimu vidoleni, akashika kalamu.

"Ishirini na saba!" Delfino alipaza sauti kupitia dirisha la kushoto. "Mama! Ishirini na saba!"

Doña Obdulia aliutazama tena mlango wa kulia, ambao ulikuwa unang'aa kama sahani. Akaandika 14, akapigia mstari, akafungua mkoba kutafuta funguo.