Banda la Kuku la Bibi Kadii

Kuku wa tatu aliporuka kutoka juu ya usukani, Njenga alivua kofia kama mtu aliyeingia kanisani.

Hakuwa akimwamkia kuku. Mbele yake, chini ya kibanda cha makuti, katikati ya kijiji kilichohamwa, lilisimama gari la mbio la zamani: jekundu, milango miwili, pua ndefu, la enzi zile baba yake Njenga akitembea pekupeku. Vumbi lilikuwa na unene wa kidole. Kinyesi cha kuku, usiseme.

Njenga aliuza spea za magari Malindi, na alijua anachokiona. Alipiga picha kwa simu, akamtumia tajiri mmoja wa Nairobi. Jibu lilikuja kabla hajafumba jicho: "Lete. Taja bei yako."

Akabonyeza gurudumu. Lina upepo! Limelala miaka yote hiyo, na bado lina upepo. Akaona ni baraka.

"Hodi kwangu," ilisema sauti nyuma yake. "Maana naona mwenyeji ni wewe."

Alikuwa bibi mfupi, kibogoyo, na kapu la mayai mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Kadii. Umepotea au umetumwa?"

"Natafuta shamba. La kulima ufuta."

Bibi Kadii aliitazama ardhi. Kisima cha Majivuni, kijiji chake hicho, kilikuwa kimegeuka chumvi, watu wakahamia mji wa Adu mmoja mmoja, mpaka wakabaki yeye, jirani yake Mapenzi, na mbuzi ambao hawakuulizwa.

"Ufuta," alisema. "Hapa."

"Ufuta hupenda jua, bibi."

"Basi utafurahi."

Njenga akapiga mwayo wa uongo, akaelekeza kidevu kwenye gari. "Na bati hilo?"

"La marehemu mume wangu. Aliachiwa na Mtaliano aliyekuwa bosi wake. Hilo siuzi. Kuku wangu watataga wapi?"

Hapo ndipo akili ilipomjia Njenga. Bibi hauzi gari, lakini shamba je? Kwao Njenga, ukinunua shamba umenunua na jiwe, na kisiki, na kichuguu. Na gari.

Mkewe, Wanjira, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Yaani unataka kuuza tuktuk yetu ununue jangwa?"

"Ninunue gari, mama watoto. Jangwa ni kifuniko tu."

"Haya, uza. Lakini urudi hapa na gari. Ukirudi bila gari, utalala huko huko kwenye ufuta wako."

Siku ya mapatano aliletwa mzee Kitsao awe shahidi na mwandishi. Kitsao naye alikuwa mtu wa Majivuni, ila juzijuzi aliuza kiwanja chake, akajenga Adu nyumba ya mabati yanayong'aa mpaka kunguru wanaikwepa. Alikaa juu ya kinu, daftari magotini.

Pembeni, Mapenzi alikuwa akiokota korosho kwenye kiwanja kile kile, anajaza kanga yake bila wasiwasi.

"Bibi," Njenga akanong'ona, "huyo mama anakuibia."

"Aniibie nini? Mkorosho ni wake, aliupanda baba yake. Yangu mimi ni ardhi."

Njenga alicheka kimoyomoyo. Mambo ya pwani haya! Atayanyoosha baadaye.

Mzee Kitsao alikohoa. "Wanunua ardhi?"

"Ardhi."

"Ardhi tu?"

"Ardhi tu, mzee."

"Niandike hivyo? Ardhi tu?"

Njenga alijizuia kutazama kibanda. Akitaja kitu kingine chochote, macho ya bibi yatakwenda kwenye yale makuti, na akili yake itayafuata.

"Andika, mzee! Ufuta unahitaji nini zaidi ya ardhi?"

Kitsao akaandika, taratibu, akapigia mstari. Bibi Kadii akatia dole gumba, akalipangusa kwenye leso.

"Sasa, mwanangu, takataka zangu niziondoe lini?"

"Aa, bibi! Usijichoshe. Ziache tu."

"Hata! Si adabu kumwachia mtu uchafu."

Siku ya tatu Njenga alirudi na lori la kukodi, minyororo, na wapakiaji wanne. Njia nzima aliimba. Walipofika, wimbo ukamkatikia kooni.

Makuti hayapo. Gari halipo. Mchangani palikuwa na yai moja na alama za magurudumu, mbichi, zimenyooka kuelekea uani kwa Mapenzi.

Alizifuata mbio. Uani kulikuwa na kibanda kipya cha makuti, na chini yake gari jekundu. Bibi Kadii na Mapenzi walishika ungo kila mmoja, wakilinyunyizia vumbi taratibu, kama wanawake wanaotia unga kwenye kibao cha chapati. Mzee Kitsao alikuwa akibeba kuku mmoja mmoja, akiwakalisha juu ya usukani.

"Shamba langu..." Njenga alianza, pumzi hana.

"Lipo pale pale," alisema Bibi Kadii. "Hata jiwe hatujakugusia."

"Gari, bibi! Gari la marehemu!"

"Marehemu gani? Hili ni la upatu wetu, mwanangu. Lilianzia kwa Kitsao, likaja kwangu, sasa ni zamu ya Mapenzi."

Njenga akaketi chini, pale pale mchangani. Alikuwa akimfikiria Wanjira.

Bibi Kadii alimtazama kwa huruma kidogo, kisha akamwekea ungo mapajani.

"Usinune. Nawe sasa una kiwanja hapa. Nyunyiza vizuri, usiache mng'aro. Mapenzi akishauza kiwanja chake, zamu ni yako."