Somo la Ukongo

"Shika masikio yote mawili," Mama Pélagie alisema. "Sasa piga goti. La kushoto, afande. Halafu taja bibi yako mzaa mama."

Sajini Zubairi akapiga goti kwenye sakafu ya udongo, pale Bwaise, Kampala, masikio mikononi.

"Kila mtu ya Kongo nasalimu namna hii?"

"Mbele ya mzee wao, kila mtu."

Ilikuwa mwisho wa Machi, mwaka 1979. Mizinga ya adui ilisikika kutoka upande wa Mpigi, na jeshi la serikali lilikuwa likiwapiga risasi askari wake wenyewe waliotoroka. Zubairi alikuwa ametoroka. Kwa miaka saba alikuwa bwana mkubwa wa dirisha la kuandikisha wageni. Akikutazama vibaya, kadi yako inachanwa na jioni unatupwa mpakani na watoto wako. Leo mgeni alitaka kuwa yeye. Makubwa haya!

Jumamosi, kwa kibali cha jeshi, lori lingeondoka Nateete kuwarudisha Wakongo kwao Zaire. Mzee Bisimwa, kiongozi wao, angemhoji kila abiria ili asipenye mtu wa nje. Kadi ya Ukongo Zubairi alikuwa nayo, alijiandikia mwenyewe. Alichokosa ni Ukongo.

"Mimi nakuja kwako sababu wewe Mkongo safi," alikuwa amesema siku ya kwanza, akijaza mlango. "Kadi yako, mimi ndiyo napiga muhuri. Ukikataa, bado niko na watu kule ofisi. Neno moja tu, wanakuja kuchukua wewe."

Zaidi ya kadi hiyo hakumkumbuka. Lakini Mama Pélagie alimkumbuka vizuri sana. Mwaka wa sabini na mbili, kabla Zubairi hajapewa dirisha lake, alisimama uwanjani asubuhi na orodha, akaanza kuita majina. Walioitwa waliambiwa wanahamishwa, wakapandishwa malori. Mumewe alikuwa wa nne. Hakurudi, hakuandika, na hakuna aliyeonyeshwa kaburi. Mwezi uliofuata mjane akapanga foleni dirishani pamoja na Wakongo, na Zubairi akamgongea muhuri bila hata kuinua uso.

Tangu hapo hakuwa na ombi jingine duniani. Alitaka kumwona Zubairi naye akiitwa jina lake mbele ya watu, apandishwe gari, asirudi. Na sasa mtu huyo alikuwa amejileta kwa miguu yake, tena akitaka afundishwe! Mama Pélagie alitamani kucheka na kulia kwa pamoja. Akampikia chai badala yake.

Kwa siku tatu alimfundisha kwa moyo wake wote. Alimwambia kwamba Mkongo hagusi maharage siku ya Ijumaa, na kwamba mwanamume akiulizwa kwao hupiga makofi mara moja kabla ya kujibu. Alimpa hata wimbo wa kumsifu shangazi. Zubairi aliyameza yote. Miaka saba alikuwa amewatukana Wakongo, amewacheka na kuwafukuza. Kuwauliza hata swali moja la jinsi wanavyoishi, hakuwahi. Kwake mgeni alikuwa kiroja tu, kwa hiyo viroja havikumshangaza.

Mara moja tu alisita.

"Lakini Swahili yako wewe ni kama ya sisi watu ya kambi ya jeshi."

Mama Pélagie hakuinua uso. Akaendelea kukoroga chai.

"Nimekaa Kampala miaka mingi, afande."

"Ee, hiyo kweli," Zubairi akasema, akarudia wimbo wa shangazi.

Jumamosi asubuhi mjane alifika Nateete mapema, akasimama karibu na wauza mkaa. Askari wawili walilinda lori. Wakongo walikuwa wamepanga mstari na mafurushi yao, na Zubairi katikati yao, ndevu amenyoa, amevaa koti la mtumba lililombana mabega. Zamu yake ikafika.

"Jambo, ndugu," Mzee Bisimwa akasema kwa upole. "Kwenu ni fasi gani?"

Zubairi akapiga makofi, akapiga goti la kushoto, akashika masikio yote mawili na kumtaja bibi yake kwa sauti ya gwaride.

Mstari mzima ukamgeukia. Kisha mama mmoja akaangua kicheko, na wengine wakafuata mpaka watu wakawa wanajishikiza kwenye lori wasianguke. Mzee Bisimwa mwenyewe alivua miwani akafuta machozi.

Askari wakasogea waone hicho kinachochekesha.

"Sajini Zubairi?" mmoja wao akauliza.

Kicheko kikakatika. Walimfunga mikono kwa mkanda wake mwenyewe na kumsukumia sehemu ya nyuma ya Land Rover yao. Hapo ndipo alipomwona mjane.

"Uliza yule mama!" akapiga kelele. "Yeye Mkongo! Yeye ndiyo nafundisha mimi!"

Askari akamwita Mama Pélagie kwa kidole.

"Wewe najua mtu hii?"

"Hapana, afande. Mimi mjane tu, mkimbizi. Lakini kama anakwenda kufa, acha nimwombee neno moja."

Askari akapandisha mabega, akampisha. Mama Pélagie akainama mpaka mdomo wake ukagusa sikio la Zubairi.

"Mimi ni Ayot, mke wa Koplo Okot wa kambi yako," alinong'ona. "Nimezaliwa Gulu, nchi hii hii; kwenye Ukongo nilijificha tu. Kongo sijafika hata siku moja."