Mwenye Kuumia Unamutoa

Alama nyekundu ilitokea kando ya jina la mshambuliaji wa Hamdani. Katika mchezo ule wa simu, ambao watu hupanga timu za wachezaji wa Ulaya na kushindania pointi, maana yake ni moja: ameumia.

Hamdani aliacha kushona. Cherehani yake, hapa sokoni Kamembe, huiendesha kwa mguu wa kushoto tu. Wa kulia haukunjiki.

"Mzee, huyu ndiye ananiletea pointi kila wiki. Nimufanye nini?"

Mzee alikuwa ameketi akingoja suruali yake. Misimu miwili mfululizo ndiye mshindi wa kundi lao, na hakuna anayepanga timu bila kumuuliza. Zamani alikuwa kocha wa timu ya kweli, Hamdani akiwa winga wake.

"Mwenye kuumia unamutoa siku ile ile," alisema. "Usimulilie. Huruma haileti pointi."

"Na akipona?"

"Atakuta mwingine amekamata nafasi yake. Mpira ni vile."

Hamdani aliweka kidole juu ya jina, akakiacha hapo. Mkono wake mwingine ulishuka wenyewe hadi gotini, ukaanza kusugua kovu refu la siku zake za mpira, ambalo huuma mvua ikikaribia.

Mzee aliufuata mkono ule kwa macho.

"Nilikungojea sana kule hospitali, Kocha," Hamdani alisema kwa upole, akabonyeza kumtoa mshambuliaji.