Namba Moja Asikimbie

Bastola ya kuanzisha mbio ilipolia pale Iyunga, Mwalimu Eliezeri hakuwatazama wakimbiaji. Alikuwa ameubana mfuko wa shati lake kwa kiganja, kama mtu anayeficha kitu kilicho hai.

Mfukoni mlikuwa na karatasi. Muuguzi Damari alikuwa amemkabidhi robo saa tu iliyopita, akihema kwa kuendesha baiskeli kutoka hospitali ya misheni.

"Daktari Sedekia aliiandika jana kabla ya kwenda Makongolosi, kule Chunya," alisema. "Leo anarudi, atawakuta uwanjani."

Ilikuwa mistari michache tu. "Kwa Klabu ya Riadha. Kati ya niliowapima Jumatano, namba moja ana moyo mbovu sana. Asikimbie. Hata mlima asipande. Waliobaki ni wazima."

Namba moja ilikuwa imeshonwa kifuani mwa Asukile, mkimbiaji wao wa kutumainiwa.

Eliezeri aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni. Wakimbiaji walikuwa wanapanga mstari. Angeinua mkono tu, Asukile angetolewa. Hakuinua.

Klabu ile aliianzisha mwenyewe mwaka 1949, katika chuo chao kidogo cha ualimu, akiwa na wanachuo sita na uwanja walioufyeka kwa mikono yao. Miaka minne mfululizo Iringa walikuja na lori lao, wakashinda, wakaondoka na kikombe wakiimba. Mwaka huu wa 1956 mkuu wa chuo alikuwa ameshasema: wakishindwa tena, uwanja utalimwa viazi. Tena huko mjini Mbeya alikuwa amekaa mgeni kutoka klabu ya riadha ya Makerere, akitafuta kijana mmoja wa kwenda Kampala kusoma na kukimbia.

Hata upimaji ule waliufanya kwa ajili ya mgeni huyo. Vijana waliogopa, hakuna aliyetaka kuingia chumbani kwa daktari. Eliezeri ndiye aliyewatoa hofu, akiwatania na kuwaonyesha kwa mwili wake mwenyewe kwamba kile chombo cha kusikilizia kifua hakiumi.

Sasa vumbi la wakimbiaji lilikuwa linatua barabarani. Ghafla akamkumbuka Lusia, mama yake Asukile, mjane wa Rungwe, siku alipomleta mwanawe chuoni. Alimshika Eliezeri mikono yote miwili. "Mwalimu, huyu ndiye niliyebaki naye."

"Ee Mungu, nimefanya nini?" alisema Eliezeri.

Akavua koti, akalitupa, akaingia shambani.

Barabara ya kwenda mjini ilikuwa maili tano, karibu yote ya kupanda, lakini ilizunguka. Kulikuwa na njia ya mkato katikati ya mahindi. Eliezeri alikimbia akiwa na viatu vya ngozi, mabua yakimchapa usoni. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Zamani alikuwa mkimbiaji hodari, sasa kazi yake ilikuwa kushika saa. Kifua kilimbana. Mara mbili alisimama, akashika mkaratusi, macho yakiona giza.

"Hii ni dhambi yangu inanikaba," alijiambia, akaendelea kupanda.

Alitokea barabarani kwenye kona ya juu. Asukile alikuwa anakuja, wa kwanza. Hatua kumi nyuma yake alikuwa Kalinga wa Iringa, kijana mrefu ambaye hakuwahi kushindwa.

"Asukile! Simama!"

"Kuna nini, Mwalimu?"

"Moyo wako mbovu! Daktari ameandika! Simama, mwanangu, utakufa!"

Asukile alimtazama, akageuka kumtazama Kalinga, kisha akatazama mbele. Hofu ilimpita usoni.

"Basi unipasukie nikiwa mbele," alisema, akaongeza mwendo.

Eliezeri hakuweza kumwacha. Alikimbia nyuma yake, mikono ameitanguliza tayari kumdaka akianguka. Nusu maili nzima alimsihi, kisha sauti ikamwisha, akawa anasali moyoni tu. Nyayo za Kalinga zilisogea. Uwanja wa mjini ukaonekana, watu wakapiga kelele, na Asukile akajirusha kwenye utepe, Kalinga akiwa begani kwake.

Mbeya walikuwa wameshinda. Wanachuo walikuwa wanarukaruka, na mgeni wa Makerere tayari alikuwa amesimama, anauliza jina la kijana yule na namna linavyoandikwa.

Eliezeri hakuviona hivyo. Alimwona Asukile tu, amesimama wima, anacheka, pumzi zake zimeshaanza kutulia kama za mtu aliyetoka kuteka maji mtoni.

"Ndaga, Mwalimu! Asante! Unaona? Sijafa!"

Eliezeri alikaa chini kwenye nyasi. Jasho baridi lilimtiririka mpaka shingoni. Alitaka kucheka naye, akajikuta analia.

Gari la hospitali liliingia uwanjani likiwa jekundu kwa vumbi la Chunya. Daktari Sedekia aliruka kabla halijasimama, mkoba mkononi, akapenya katikati ya watu. Asukile alimwona, akaanza kufungua shati mwenyewe apimwe. Daktari akampita bila kumtazama, akapiga magoti kwenye nyasi.

"Mwalimu, hukuipata karatasi yangu?"

"Niliipata, Daktari." Eliezeri aliitoa mfukoni. "Nisamehe. Niliificha. Nilimwacha kijana akimbie."

"Kijana gani?" Daktari alikuwa ameshaanza kumfungua vifungo vya shati. "Vijana wako wote ni wazima. Aliyepanda kitandani wa kwanza Jumatano, namba moja, ulikuwa wewe."